Fundi Dari, au kwa nini sipandi ngazi bila karatasi

Juzi usiku kijana mmoja wa Kahama alinitumia picha kwenye simu. Bango la mgahawa, maandishi meupe juu ya bluu, KARIBU MGAHAWANI imepindishwa juu ya sahani ya pilau. Chini akaandika: "Shikamoo kaka. Naomba uniambie ukweli, mbona herufi zangu zinaanguka?"

Marahaba mdogo wangu. Zinaanguka kweli. K ya mwanzo imesimama vizuri, R imeanza kulala, na ukifika mwisho N na I zimepanda juu ya fremu kama abiria wa mlangoni. Pilau lakini umelichora likachoreka, mpaka mimi nikasikia njaa saa nne usiku.

Sikucheka. Katika kazi hii ya kuandika mabango mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kumcheka mtu aliyeharibu maandishi ya tao, yale yanayofuata mpindo, na nadhani ni wakati niseme kwa nini watu wa zamani wa mtaani kwetu Morogoro bado wananiita Fundi Dari.

Mwaka 2012 nilikuwa na miaka mitano kwenye brashi. Vinyozi, maduka ya dawa, mama lishe, ubavu wa magari, kote nilipita. Sifa yangu kubwa, na niliitangaza mwenyewe, ilikuwa kwamba situmii rula. Mafundi wenzangu wakipiga uzi wa chaki mimi nilikuwa nawatania kwamba wanajenga ukuta. Mkono ulikuwa mwepesi kweli, sitajifanya mnyenyekevu hapa. Mstari ulionyooka niliuvuta kwa jicho na pima maji isingeona kosa.

Ikaja kazi ya shule moja ya binafsi. Jina lake silitaji. Walikuwa wamejenga geti jipya, na juu ya nguzo mbili mchomeleaji alikuwa ameweka bati nene lililokatwa kwa umbo la tao. Walitaka SHULE YA SEKONDARI ifuate tao hilo, na jina la shule linyooke chini yake. Bei shilingi 180,000, advansi 60,000. Kwangu wakati huo ilikuwa pesa ya kubadilisha godoro.

Nilipanda ngazi Jumamosi asubuhi, siku ya kikao cha wazazi. Nikaanzia kushoto. S safi, H safi, neno SHULE likakaa kama limechapwa. YA nikaipitisha. Nilipofika SEKON nikarudi nyuma hatua mbili kwa mawazo tu, maana kwenye ngazi huwezi kurudi nyuma, na moyo ukaniambia nafasi imebaki kidogo. Nikaendelea. Hapo ndipo ujinga ulipo: nilijua, nikaendelea. Ile D nikaibana, A nikaifanya nyembamba, R na I zikasimama zimebanana huku tao likishuka, kwa hiyo zote nne zikaonekana kama zinateleza kuelekea kwenye nguzo. Nikashuka, nikavuka barabara, nikatazama. Palisomeka SHULE YA SEKON kwa herufi kubwa, kisha kando yake kakaa kaneno kadogo peke yake: DARI.

Watoto wa shule hawana huruma. Kabla kikao hakijaisha walikuwa wanaelekezeana juu: "Oneni, shule yetu imepata dari!" Mzazi mmoja akauliza kama na ukuta utaandikwa. Mkuu wa shule hakunigombeza. Alitazama, akasema "haya fundi, tutakupigia," na hakupiga. Zile 120,000 sikuziona. Wiki mbili baadaye walibandika stika ya kuprinti juu ya kazi yangu, na mimi nilikuwa napita pale kwa daladala kila Jumanne nikigeuza uso upande wa pili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakupita mbele ya geti lile kila Jumanne.

Mwaka uliofuata nikaenda Dar, nikajishikiza kwa mzee mmoja wa Buguruni aliyekuwa akiandika mabango tangu mimi sijazaliwa. Miezi ya kuosha brashi kwa mafuta ya taa siwachoshi nayo. Siku nilipomweleza habari ya geti, hakuuliza nilitumia rangi gani wala brashi gani. Aliuliza: "Ulianzia wapi?" Nikasema kushoto. Akasema, "Basi hukuanza."

Ushauri wangu wote umo humo. Tao linaanzia katikati, na linaanzia chini sakafuni, juu ya karatasi. Nitarudia mara nyingi kwa sababu najua vijana mlivyo, mimi nilikuwa hivyo.

Chukua karatasi za manila, ziunge kwa selotepu mpaka zifike upana wa bango. Vuta mstari wa wima katikati, huo ndio uti wa mgongo. Sasa tao. Wengi wanapinda kwa macho au wanafuata beseni. Usifuate beseni. Pima upana wa tao kutoka ncha hadi ncha, halafu pima linapanda kiasi gani katikati, hicho ndicho kimo. Upana uzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa mara 8 ya kimo, kisha ongeza nusu ya kimo. Kwenye lile geti langu la aibu upana ulikuwa sentimita 200 na kimo 25. 200 mara 200 ni 40,000, gawa kwa 200 (yaani 8 mara 25), unapata 200, ongeza 12.5. Kwa hiyo duara lenye tao lile lina nusu kipenyo cha sentimita 212.5, na kitovu chake kiko mita mbili na zaidi chini ya maandishi, nje kabisa ya bati. Ndiyo maana kwa macho hulipati, kitovu kiko hewani.

Sakafuni unakipata. Kwenye uti wa mgongo, shuka sentimita 212.5 kutoka kilele cha tao, gonga msumari, funga waya, funga penseli ncha ya pili, zungusha. Waya, si kamba ya nailoni. Nailoni inavutika, na tao lako litakuwa na tumbo upande mmoja. Hata waya ukiwa mrefu unacheza. Siku hizi natumia papi ndefu ya mbao yenye tundu mbili, moja ya msumari, moja ya penseli. Huo ni mstari wa miguu ya herufi. Kama herufi zina urefu wa sentimita 20, sogeza penseli mpaka 232.5 kutoka kwenye msumari uleule, zungusha tena, umepata mstari wa vichwa. Msumari uleule! Nimeona mafundi wanahamisha msumari ili kupata mstari wa pili, halafu wanashangaa kwa nini herufi za katikati ni ndefu kuliko za pembeni.

Kisha unahesabu herufi, lakini si kwa vidole. I ni nusu ya herufi, M na W ni moja na nusu, nafasi kati ya maneno ni nusu, zilizobaki ni moja moja. SHULE YA SEKONDARI inatoka 16.5. Nusu yake ni 8.25, na ukihesabu kutoka mwanzo utaona uti wa mgongo unapita ndani ya S ya SEKONDARI, robo yake ya kwanza. Hiyo S ndiyo herufi ya kwanza kuchora. Halafu unakwenda kulia mpaka I, unarudi unakwenda kushoto mpaka S ya SHULE. Mstari wa miguu ukiupima kwa kufuata mpindo una sentimita 208 hivi. Gawa kwa 16.5, kila herufi na hewa yake inapata kama 12.6. Mimi ningejua hivyo mwaka 2012, DARI ingekuwa na nyumba yake.

Mguu wa herufi uelekee wapi? Kila mguu wa wima uelekeze kwenye msumari. Weka rula kwenye msumari, gusa mahali herufi inaposimama, vuta. Zitatawanyika kama spoki za baiskeli. Kuna mtindo mwingine ambao herufi zote zinabaki wima kabisa na ni vichwa na miguu tu vinavyokatwa kwa mshazari kufuata tao. Kwenye tao la chini chini unapendeza na una heshima fulani ya kizamani. Unachotakiwa kukataa ni kuchanganya. Kijana wangu wa Kahama amechanganya: K ya mwanzo iko wima, R imeinama, G iko wima tena. Ndiyo maana jicho linaona zinaanguka.

Sasa jambo ambalo nimeligundua mwenyewe na sijaona mtu akilisema. Lugha yetu imejaa A. Tazama BARAKA, KARIBU, MAHAKAMA, MGAHAWANI. A ina kichwa chembamba, na tao linalopanda juu linatanua vichwa: pale getini mstari wa vichwa una sentimita kama 228 wakati wa miguu una 208. Kwa hiyo kila A inaacha uwazi mkubwa juu, pande zote mbili, na neno lenye A tatu linaonekana kama mtu aliyeng'olewa meno. Dawa yake ni kusogeza A karibu na jirani zake, miguu ikaribie kugusana, hata kama kipimo kinakataa. Hapo ndipo jicho linapata kazi. Kipimo kinakupeleka hadi mlangoni, jicho linaingia ndani. Tao likigeuzwa kama tabasamu, A zinakaa raha mustarehe kwa sababu miguu ndiyo inayotanuka. Hapo wasumbufu wanakuwa Y na V. Mteja akinipa uhuru wa kuchagua, jina lenye A nyingi nalipindisha kwa tabasamu. Wateja hawajui kwa nini, wanasema tu limependeza.

Kuhamisha ni kazi ndogo kama karatasi iko sawa, na ni adhabu kama haiko. Tandaza karatasi juu ya blanketi kuukuu, toboa michoro yote kwa sindano au kile kigurudumu chenye meno cha mafundi cherehani, tundu karibu karibu. Piga msasa mwepesi upande wa nyuma ili tundu zisizibe. Kwenye bango weka uti wa mgongo kwa timazi, ulinganishe na ule wa karatasi, bandika. Saga mkaa, tia kwenye soksi, gongagonga juu ya tundu. Kama bango ni jeusi au bluu iliyokolea, tumia chaki. Kama utaandika kwa njano au nyeupe, mkaa uwe kidogo sana, la sivyo rangi inaushika na njano yako inakuwa na uchafu wa jikoni. Inua kona moja uchungulie kabla hujang'oa yote. Na andakoti iwe imekauka sawasawa. Rangi ya mafuta inaweza kukudanganya, juu kavu, chini bado, na vumbi la mkaa likinata pale halitoki kwa kitambaa wala kwa dua.

Hiyo ndiyo rangi ileile ambayo mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza nayo Dar es Salaam mwaka 1968, rangi za kupakia baiskeli. Nawakumbusha kwa sababu kuna watu wanadhani sisi wa mabango ni watu wa mkono wa pili, wasanii wako kwingine.

Lakini na sisi tunajidharau. Kijana anataka kuitwa fundi baada ya miezi miwili. Anataka apige picha akiwa juu ya ngazi na brashi mdomoni. Ukimwambia akae sakafuni siku nzima na msumari na papi, anaona unamchelewesha, na mteja akimtazama ameinama juu ya manila anaona haya. Mwenye kuprinti haoni haya. Naye anapanga herufi kwanza kwenye kompyuta, anazisogeza, anafuta, anarudia, halafu ndiyo anabonyeza. Karatasi ndiyo kompyuta yetu. Mnalalamika mabango ya kuprinti yamechukua kazi. Yamechukua za watu waliokuwa wanaanzia kushoto. Mimi mmojawapo, walinibandikia stika juu.

Stika hiyo jua liliila. Mwezi uliopita nilipigiwa na mkuu mpya wa shule ileile, hajui lolote, kaona kazi yangu ya dukani Msamvu akapenda. Sikumwambia. Nilifanya karatasi siku mbili nyumbani, mke wangu akiruka msumari kila akipita na ndoo. Asubuhi nilikwangua mabaki ya stika, na chini yake ikatoka ile DARI yangu, imefifia lakini inasomeka. Niliitazama kidogo kabla ya kuipiga msasa. Nilitoza 450,000, nikataka nusu kabla na nusu siku ya kumaliza, na nilipewa yote. Zile 120,000 za zamani sikuzidai, ingawa siku hiyo zilinijia kooni mara mbili.

Mdogo wangu wa Kahama, usirekebishe juu ya hilo bango. Usijaribu kuinamisha K ifanane na R. Funika maandishi yote kwa andakoti, pilau liache kama lilivyo. MGAHAWANI ina A tatu, kwa hiyo igeuze iwe tabasamu chini ya sahani, KARIBU ibaki juu peke yake, fupi, tao la chini chini. Nitumie picha ukishatoboa, kabla hujapaka mkaa. Nikikuta umeanzia kushoto sitajibu.