Jibu: Kumaliza sizoni nzima usiku mmoja

Mkuu, umeuliza kama kumaliza sizoni nzima usiku mmoja kunaua utamu. Kwangu mimi kunaua kabisa. Netflix, wale wa kuonyesha tamthilia mtandaoni, walipoachia vipande vyote 13 vya sizoni ya kwanza ya tamthilia ya House of Cards siku moja, Februari 2013, walitupa uhuru, ila ile hamu ya kusubiri ikapotea. Hapa Ujiji nilikuwa naingiziwa sizoni kwenye flashi, naangalia mpaka adhana ya alfajiri. Kukicha wahusika wote wamechanganyika kichwani. Siku hizi mimi na mke wangu tunaangalia vipande viwili tu baada ya kula, tunazima, halafu tunabishana nani msaliti huku tunachambua dagaa wa kesho. Mabishano hayo nayapenda kuliko tamthilia yenyewe. Jaribu kuzima pale pale inaponoga, mkuu.