Mkuu, usikariri hiyo orodha: neno lisiloshuhudiwa na sentensi tatu usiliandike

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema umepata faili la maneno 3,000 ya Kiingereza cha juu, kila neno na kisawe chake kimoja pembeni, na unataka kumeza maneno 50 kwa siku ili barua yako ya kuomba masomo isomeke kama ya msomi. Halafu unauliza utumie programu gani ya simu. Barua kwanza. Usiitume.

Orodha ya aina hiyo niliuziwa na mwalimu wa tuisheni niliyemwamini. Mbele ya neno notorious alikuwa ameandika "famous", basi. Nikalishika hivyo hivyo, na kwenye barua ya kuomba nafasi nikaandika: "Your department is notorious for its research." Nilidhani nawasifu. Anayekijua Kiingereza akisoma hapo anaelewa kwamba idara yake inajulikana kwa ubaya. Notorious ni neno la jambazi sugu, la gereza lenye mateso, la barabara inayoua watu kila mwezi. Sarufi ilikuwa safi, tahajia safi, na sentensi nzima ilikuwa tusi kwa watu niliokuwa nawaomba. Sikujibiwa.

Na kinachoniudhi hadi leo ni kwamba yule mwalimu aliweka na mfano: "He is a notorious man." Huo ni mfano wa nini? Ondoa notorious, weka tall, weka kind, weka hungry, sentensi inasimama vilevile. Mfano unaokubali neno lolote haufundishi neno lolote. Sasa soma huu: "The prison was notorious for its filth and violence." Hapo hata bila kamusi unaona neno limeelemea upande gani. Mtu anachukua hela za wanafunzi, ananakili visawe, anatunga sentensi za kujazia ukurasa, kisha anaziita mifano. Mimi huo nauita wizi.

Kisawe kinakuonyesha maana inakokaribia. Hakikuonyeshi neno linaandamana na nani. Chukua cause, ambalo kila mtu anadhani analijua. Pekua maandishi ya kweli uone kinachofuata baada yake: damage, problems, pain, delays, concern. Mabaya matupu, karibu kila mara. Ukiandika "Your letter caused me happiness" hakuna kanuni ya sarufi uliyovunja, lakini hakuna mwenye lugha anayesema hivyo. Ndiyo maana mtaalamu wa lugha John Sinclair na wenzake pale Chuo Kikuu cha Birmingham walikusanya mamilioni ya maneno ya maandishi halisi kwenye kompyuta, na mwaka 1987 ikatoka kamusi ya COBUILD inayofafanua neno kwa sentensi kamili, na mifano yake imetoka katika matumizi ya kweli. Siku hizi kamusi za wanafunzi zinasomeka bure mtandaoni, kwa hiyo faili lako halina kisingizio.

Basi shika hili moja: neno lisiingie daftarini kabla hujaliona katika sentensi tatu za watu wengine, kutoka maandishi matatu tofauti. Mfano, mitigate. Orodha itakuambia ni "reduce", nawe utaandika "mitigate the price", utachekwa. Litafute magazetini, kwenye ripoti, kwenye makala za kitaaluma: mitigate the effects of drought, mitigate the risk, mitigate the damage. Umeona? Linaandamana na madhara na hatari, halina habari na bei wala uzito wa mwili. Kwa hiyo daftarini usiandike mitigate peke yake, andika "mitigate the effects of". Kisha tunga sentensi yako ya nne, uiweke chini ya zile tatu, uangalie kama inafanana nazo. Kama haifanani, neno bado si lako, liache.

Ukifanya hivyo maneno 50 kwa siku hayawezekani, na ni afadhali. Kwa barua ya masomo anzia kwenye orodha ya maneno ya kitaaluma ya mtafiti Averil Coxhead ya mwaka 2000, ina familia za maneno 570 tu (familia ni neno pamoja na maneno yanayotokana nalo), na hata hizo uzipitishe kwenye sentensi tatu. Anayekutisha kwamba mitihani inataka visawe vya kukariri amepitwa na wakati. GRE yenyewe, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, iliondoa maswali ya vinyume vya maneno makavu mwaka 2011, sasa unajaza pengo ndani ya sentensi.

Programu ya simu, yoyote ya kadi za kujifunzia itafaa, mradi upande wa mbele uweke sentensi yenye pengo, siyo neno kavu.

Sasa bandika hapa aya ya kwanza ya barua yako, ufiche majina. Kila neno ulilolitoa kwenye hilo faili lipigie mstari, tulitafutie sentensi zake kabla hujatuma.