Barua kwa Mwanangu: Ada Niliyokulipia Haikuwa Mkopo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kihambani napogolea kahawa, ikabidi niuzime katikati, nikae chini. Umesema unataka kuacha kazi ya uhasibu hapo Dar, uende kujitolea mwaka mmoja kwenye hospitali ya misheni karibu na Karonga, kaskazini mwa Malawi, na kabla ya kuondoka upande Kilimanjaro ili watu wakuchangie fedha za dawa. Halafu ukauliza: "Baba, nikiacha kazi, si nitakuwa nimezitupa ada zote ulizonilipia?"

Naanza na hilo. Ada niliyokulipia haikuwa mkopo. Unajua fedha zile zilikotoka: kichwani na mgongoni mwangu, tangu nilipokuwa mgumu wa kubeba mizigo ya wageni mpaka nikapata leseni ya uongozaji. Kila begi nililopandisha nilikuwa nalihesabia: hili ni sare, hili ni daftari, haya mawili ni nusu muhula. Sikuhesabu hata siku moja kwamba utakuja kunilipa kwa kukaa kwenye kiti kinachokunyima usingizi. Hilo lifute moyoni, mama.

Lipo deni jingine, nalo ndilo nataka tuliongee.

Wageni wanaopanda kwa ajili ya kuchangisha nimewabebea wengi. Wengine walipandia saratani, wengine visima, wengine shule. Kuna kundi moja sitalisahau. Walikuja kwa njia ya Machame, fulana zao zimeandikwa kwamba wanawasaidia watoto wa Afrika. Usiku ule kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, wagumu tulijibana kwenye hema moja la kulia chakula, na soli ya kiatu changu cha kulia nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya katani. Tuliposhuka getini, kampuni iliyotuajiri ikatukata ujira, wakadai tumekula kupita kiasi. Wale wageni walikuwa watu wema. Waliimba nasi, walilia walipofika kileleni. Ila hakuna aliyeuliza sisi tumelala wapi. Na wewe wakati huo ulikuwa na miaka miwili, uko nyumbani na mama yako, mnasubiri nirudi na unga. Mtoto wa kwenye zile fulana ulikuwa wewe.

Kwa hiyo ukiamua kupanda, usianze kuangalia bei. Uliza kampuni inawalipa wagumu kiasi gani, inawapa milo mingapi, na nani anahakikisha. Mizigo ipimwe getini mbele yako. Kanuni ya hifadhi ni kilo 20 kwa mgumu mmoja. Hapa Moshi kuna mradi wa KPAP unaofuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea wapagazi, pita ofisini kwao kabla hujalipa chochote. Nitakuwa na amani ukichangisha fedha kidogo kwa mgongo ulioheshimiwa kuliko nyingi kwa mgongo wa mtu kama nilivyokuwa mimi.

La pili ni fedha yenyewe. Kwa wenzetu Uingereza safari hizi hufanywa kwa namna mbili. Mpandaji anajilipia safari na michango yote inakwenda kwenye kazi, au anakusanya kiasi walichokubaliana na sehemu yake inalipia safari. Hiyo ya pili si wizi ikiwa imesemwa wazi. Wewe lakini fuata ya kwanza. Watakaokuchangia ni shangazi zako, wanakwaya, na wenzako wa ofisini ambao kila mwezi wanaletewa kadi za harusi. Mtu akitoa elfu tano yake kwa ajili ya dawa, isinunue hata kikombe cha chai yako kule kambini Mandara. Mlima ulipe kwa akiba yako. Sisi raia viingilio vyetu ni vya chini kuliko vya wageni, na mimi nitakusindikiza bila malipo.

Jambo hili hata kwetu si geni. Tangu 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita pamoja na TACAIDS, tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI, wanaendesha Kili Challenge, watu wanapanda na wengine wanauzunguka mlima kwa baiskeli, fedha zinakwenda kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI.

Lakini waambie watu mapema kwamba hawachangii kilele. Mkanada mmoja niliyemwongoza alinisimulia habari za Terry Fox, kijana wa kwao aliyekatwa mguu kwa saratani. Mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka Kanada, kutoka bahari moja hadi nyingine, kwa mguu wa bandia, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, karibu na Thunder Bay, ugonjwa ukawa umefika kwenye mapafu, akasimama. Mwaka uliofuata alifariki, ana miaka 22. Bahari ya pili hakuifikia, na bado kila Septemba watu wanakimbia kwa jina lake na kuchanga. Nimeona wapandaji wakiyumba kama walevi wakikataa kushuka, eti wameshawaahidi watu. Kichwa kikipasuka, ukitapika, hatua zikianza kupotea, tunageuka. Hata kama Gilman's Point, pale ukingoni mwa kreta, inaonekana. Tutapanda kwa Marangu, tutalala kambi ya Horombo usiku mbili ili mwili uzoee, na maneno yangu juu ya kushuka hayatajadiliwa.

Sasa Karonga. Wangonde wa kule ni jamaa wa Wanyakyusa, ukivuka mpaka pale Kasumulu hutajiona mgeni sana. Usiende kupaka rangi ukuta ambao fundi wa pale angelipwa kuupaka. Wewe ni mhasibu. Waulize stoo ya dawa inatunzwaje, nani anaandika kinachoingia na kinachotoka, kwa nini dawa zinaisha kabla ya mwezi. Kaa na karani wao, mfundishe, naye akufundishe mazingira yao. Siku ukipanda basi kurudi, daftari libaki mikononi mwake likiwa linaeleweka. Hospitali iwe imeomba mtu wa namna yako kwa barua. Kama haijaomba, subiri.

Ofisini usiondoke kwa hasira. Uliza kwanza kama wanatoa likizo bila malipo. Wakikataa, sheria inataka taarifa ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Toa miezi miwili, umwachie mwenzako vitabu vilivyofungwa vizuri. Makato ya NSSF yatasimama na bima ya afya itakoma. Hayo mawili ndiyo yanayomnyima mama yako usingizi, zaidi hata ya mlima.

Amesema uje Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na hesabu zako zote uziandike kwenye karatasi, si kwenye simu, azisome mwenyewe kwa miwani yake. Viatu vyako vipya anza kuvivaa kazini kuanzia kesho.

Baba yako,
Marangu