Kuwaandaa wataalamu wa mashinani kupanga miradi midogo ya vijijini

Umeuliza kama wiki moja ya mihadhara inatosha kuwaandaa wataalamu wa mashinani kupanga miradi midogo ya jamii. Kwa maoni yangu haitoshi, hata mkufunzi awe hodari namna gani, kwa kuwa kazi hii hujifunzwa kwa kupanga mradi halisi pamoja na wanakijiji wenyewe. RuralInvest, mbinu ya kupanga miradi midogo ya vijijini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), hutenganisha miradi ya kuingiza kipato na ile ya huduma, nami ningeanzia hapo: mashine ya kusaga nafaka hupimwa kwa faida, ilhali kisima hupimwa zaidi kwa uwezo wa watumiaji kugharamia matengenezo yake.

Panapowashinda wengi ni hesabu za uendeshaji. Mwanafunzi akadirie magunia yatakayosagwa wakati wa mavuno na wakati wa uhaba, mafuta, ujira wa mwendeshaji, vipuri na uchakavu (huu husahaulika mno, na mashine ikifa hakuna akiba ya kununua nyingine), kisha apunguze mapato kwa robo aone kama mradi bado unajiendesha. Fomu za maombi zifundishwe mwisho, kwani hazina ugumu. Baada ya darasa, kila mmoja aandae andiko la mradi mmoja chini ya msimamizi kabla ya kuachiwa kijiji peke yake.