Kisha kubeba saruji mapaja yanauma: maji ya moto ao ya baridi?

Swali limetoka kwa kijana mumoja wa Kadutu, hapa Bukavu: "Dokta jambo. Nilianza kubeba saruji ku shantie moja, gari inaishia ku barabara ya juu, sisi tunashuka na mifuko ya kilo 50 mu ngazi mpaka chini kwenye wanajenga. Siku ya kwanza sikusikia kitu, leo ni siku ya pili, mapaja yanauma mpaka kuchuchumaa ni kazi. Mama anasema nijikande na maji ya moto sana, wenzangu wanasema baridi, mwengine anasema kubadilisha. Nishike gani? Na ziwa si iko baridi, niingie tu pale?"

Jambo ndugu yangu, na pole sana. Mimi niko kine, ni kusema ninatibu misuli na viungo kwa mazoezi na kukanda, watu wa kazi kama yako ninawapokea kila wiki na karibu wote wanafikiri ni kupanda kunawaumiza, kumbe ni kushuka. Ukishuka ngazi na kilo 50 ku mabega, paja inashikilia uzito wako na wa mufuko, inakaza na huku inavutwa, na pale njo nyuzi ndogo ndogo za musuli zinachanika. Mwili unaanza kutengeneza, panavimba kidogo ndani, njo maana siku ya kwanza hausikii kitu kisha maumivu inapanda kati ya masaa 24 na 72. Si asidi imebakia mu misuli kama watu wanasemaka, ile inaisha kisha saa moja hivi ya kupumzika.

Sasa maji. Baridi inabana mishipa ya damu na inalaza maumivu, moto inaifungua na inalegeza musuli. Kubadilisha kumepimwa ku watu wa michezo, na inapunguza maumivu kuliko kukaa tu bure, lakini ukilinganisha na baridi peke yake tofauti ni ndogo. Na nikuambie wazi, maji haiponyeshi zile nyuzi, zinapona zenyewe. Inakusaidia tu ulale vizuri na asubuhi uteremke kitanda bila kujishika ku ukuta, na kwa mutu mwenye anarudi ku kazi kesho yake hiyo si kitu kidogo.

Mama hajakosea, ila "moto sana" hapana, nimeshaona ngozi za mapaja zimeungua juu ya hiyo. Tunatafuta digri 38 mpaka 40. Hauna termometre? Hapa kwetu tuko karibu metre 1.500 juu ya bahari, maji inachemka ku digri 95 hivi, basi chukua litre 5 za kuchemka uchanganye na litre 15 za robine, itakuja karibu 39. Jaribu na kiwiko, usijaribu na mukono yenye imezoea saruji maana ile haisikii tena vizuri. Ya baridi inapaswa kuwa kati ya 10 na 15, na robine yetu haifike pale, kwa hiyo ongeza barafu, kilo moja mu bidoni ya litre 20 inashusha digri 5 hivi.

Baseni ya miguu haifike ku mapaja. Ukiwa na ile baseni kubwa ya kufulia nguo, kaa ndani. Kama hapana, chukua mataulo mawili, moja mu moto moja mu baridi, zungushia paja lote na uchovye tena kila inapoanza kupoa. Moto dakika 3, baridi dakika 1, rudilia mara 4, malizia na baridi. Makala ya kuchemshia maji iko bei, siwezi kukuambia ufanye hivyo kila siku, fanya jioni mbili tatu hizi za mwanzo zenye zinauma sana, kisha musuli utazoea ngazi. Na siku makala imekosa, baridi peke yake dakika 10 inatosha.

Lakini kama ulijikunja kifundo na kimevimba, moto hapana kwa siku 2 za kwanza. Mwenye sukari na miguu yake haisikii vizuri, mwenye kidonda, mwenye moyo ao tansio inamusumbua, mama mwenye mimba, aulize kwanza. Mguu mumoja tu ukivimba ku shavu na uko moto, usikande kabisa, enda hospitali. Na hii naomba uishike sana: mukojo ukitoka mweusi kama Coca, usingoje kesho, musuli umeharibika sana na figo ziko hatarini, na ile dawa ya maumivu diklofenake yenye wanauzaka bila ordonansi inaweza kuzimaliza. Kunywa maji mingi ukiwa ku kazi.

Ziwa Kivu juu iko digri 24 hivi, si baridi ya kutosha kufanya kazi ya barafu. Ila ukiingia mpaka kiuno na kutembea polepole dakika 15, uzito unapungua ku miguu, maji inabana mapaja pande zote, utasikia nafuu. Enda mchana, na mwenzako, na baki kwenye unakanyaga chini maana kina chake kinaanza karibu sana na ukingo.