Kodi ya Nyumba Dodoma: Jadili Muda wa Malipo Kabla ya Bei

Kipimo kinachotumika sana duniani husema kaya imeelemewa na gharama za makazi inapotumia zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa nyumba. Kipimo hicho humfaa anayelipa mwezi kwa mwezi. Mpangaji wa Dodoma hudaiwa kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo, ilhali mshahara wake, au faida ya genge lake, huingia kidogo kidogo. Chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi, ukilipa miezi sita na kumpa dalali kodi ya mwezi mmoja, kinakutaka uwe na 560,000 kabla hujaingiza hata godoro. Familia nyingi ninazozifahamu hukopa fedha hizo, na marejesho huwa kodi ya pili.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, wanaotafuta vyumba wameongezeka, nao wenye nyumba wanalijua hilo. Hata hivyo, uzoefu wangu wa kupanga Nkuhungu na kisha Ipagala umenionyesha kwamba mwenye nyumba asiyekubali kushusha kodi hata kwa shilingi 5,000 anaweza kukubali miezi mitatu badala ya sita, hasa ukimwendea mwenyewe kwa heshima na kumweleza kipato chako huingia lini. Mkikubaliana, andikeni mkataba na mshuhudiwe katika ofisi ya serikali ya mtaa: kiasi, tarehe, muda wa taarifa kabla ya kodi kupanda, na nani atatengeneza kinachoharibika. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo karatasi hiyo ndiyo kinga yako kubwa.

Kuna pia jambo la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, ambalo naona linawaumiza wapangaji kimyakimya. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, kisha ikapandishwa hadi 1,500. Makato huja kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, hivyo katika nyumba yenye mita moja na wapangaji watano, anayewahi kununua ndiye anayepata uniti pungufu. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Sisi tunaandika kila ununuzi kwenye daftari linalokaa koridoni, pamoja na kiasi kilichokatwa, na mwenye nyumba hukipunguza kwenye kodi tunapolipa. Hakubishana, kwa sababu ujumbe wa LUKU huonyesha makato yenyewe.

Usidanganyike na bei ya chumba kilicho mbali. Anayefanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, akipanga Nkuhungu kwa kuwa ni nafuu, atavuka mji mzima kila asubuhi kwa daladala mbili. Tofauti ya kodi huishia kwenye nauli, na hapo hajahesabu bodaboda za siku alizochelewa. Nzuguni au Ihumwa panaweza kumgharimu kidogo zaidi kwa kodi na bado akabakiwa na fedha.

Maji nayo yahesabiwe. Kabla ya kutoa fedha, waulize wapangaji waliomo ndani, si dalali, yanatoka siku zipi na dumu hununuliwa kwa bei gani yanapokatika.