Siku za kwanza ugenini: tafuta anwani kabla ya marafiki

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kwa kuwa mwezi ujao unaondoka kwenda kuishi nje, na kama sufuria zako uzibebe. Mimi nimehama nchi mara mbili, zote nikiwa peke yangu, na mara zote mbili niliharibu, ila si mambo yale yale. Nitakwambia yaliyonigharimu. Nchi sizitaji, maana mengi ya haya utayakuta popote utakapotua.

Watu watakwambia jichanganye, usijifungie ndani. Sawa, lakini kwanza tafuta anwani. Safari ya kwanza nilifikia kwa jamaa, nikalala sebuleni kwake siku kumi na moja, natembezwa mjini, nimefurahi. Nilipokwenda benki kufungua akaunti wakataka uthibitisho wa makazi. Nikatafuta chumba, mwenye nyumba akataka akaunti ya benki ya hapo hapo. Kampuni ya simu ikataka vyote viwili. Nikazunguka kama ngamia wa kinu. Kilichonitoa ni karatasi moja tu: jamaa aliandika barua kwamba naishi kwake, akaambatisha nakala ya mkataba wake wa pango, na benki ikaikubali. Karatasi hiyo ningeweza kuwa nayo siku ya pili. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, muulize atakayekupokea: utaniandikia barua? Mkataba wako unakuruhusu kuniandikisha hapo? Wapo ambao mikataba yao inakataza, na hawakwambii mpaka umeshafika. Tena kuna nchi zinazohesabu siku. Ujerumani na Japani, kwa mfano, zinakupa wiki mbili tangu uhamie kwenye makazi uwe umeandikisha anwani.

Chumba chenyewe, usitume amana kabla wewe au mtu unayemwamini hajakiona kwa macho. Siku ya kupewa funguo, kabla hujaweka hata begi chini, piga picha kila kona: doa la ukutani, mkwaruzo wa mlango, bomba linalovuja. Halafu zitume kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Mimi nilikatwa sehemu ya amana kwa doa la zulia nililolikuta. Nilikuwa na uhakika wangu, yeye alikuwa na pesa yangu.

Laini yako ya nyumbani usiitupe. Benki ya nyumbani itaendelea kutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na bila namba hizo pesa yako utaitazama tu kwenye kioo. Nenda na simu inayobeba laini mbili na isiyofungwa na mtandao mmoja. Ijulishe benki kwamba unasafiri. Na ukifika, mashine ya kulipia ikikuuliza kama ikate kwa sarafu ya nyumbani au ya pale, chagua ya pale. Ukichagua ya nyumbani, wanakubadilishia wao kwa kiwango chao, na mara nyingi kiwango hicho kinakuumiza.

Sasa nikuchekeshe. Miadi yangu ya kwanza na watu wa uhamiaji ilikuwa asubuhi, na saa yao ilisema 9:00. Nikaandika kwenye daftari "saa 9". Kesho yake nikasoma daftari kwa kichwa cha Kiswahili, nikala vizuri mchana, nikavaa shati jipya, nikafika alasiri. Nimechelewa saa sita kamili, na ninatabasamu. Nikapewa miadi mingine baada ya wiki tano. Tangu hapo saa naziandika kwa mtindo wa 09:00 au 15:00, na mwezi nauandika kwa herufi, kwa sababu 04/07 Uingereza ni tarehe nne Julai na Marekani ni tarehe saba Aprili.

Usingizi nao usiudharau. Ukivuka kanda nyingi za saa, mwili hujirudi kwa takriban saa moja kwa siku, na kwenda mashariki huwa kugumu kuliko magharibi, kwa kuwa kwa wengi wetu saa ya ndani ya mwili inapenda kuzidi kidogo saa 24: kuchelewa kulala inaweza, kuwahi ndiyo shida. Toka nje kukiwa na mwanga hata kama macho ni mazito. Na siku tatu za kwanza usitie saini kitu chochote kinachoweza kungoja. Mkataba wa simu wa miezi 24 niliutia saini nikiwa nasinzia, nikaubeba mpaka mwisho.

Umeme kwa ufupi: adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi nguvu ya umeme. Chaja ikiandikwa 100–240V, itafanya kazi popote. Birika la umeme la volti 230 ukilichomeka kwenye 120 halilipuki, linapata kama robo ya nguvu yake na utasubiri maji hadi uchoke. La volti 120 kwenye 230 ndilo litakalokuunguzia nyumba. Barabarani, kama magari yanapita upande mwingine na ule uliouzoea, shingo yako itageukia upande wa zamani kwa wiki kadhaa. Tazama pande zote mbili, kila mara, hata ukionekana mshamba.

Kuhusu moyo, sitakudanganya. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala yake ya 1960, alieleza kwamba mgeni huanza na kipindi kama fungate, halafu hufuata cha hasira, ambapo wageni hukusanyika kuwasema wenyeji. Mimi fungate yangu iliisha wiki ya nne, mbele ya mashine ya kufulia iliyokataa kufunguka ikiwa na nguo zangu zote ndani. Nililia, mtu mzima. Nyumbani nikapiga simu kusema kila kitu shwari. Kijiwe cha manung'uniko nacho nilikipata, na ni kitamu kweli, lakini ukikikalia kila jioni unarudi chumbani mzito kuliko ulivyotoka. Kilichonisaidia ni kitu kidogo mno: kupita njia moja, saa ile ile, duka lile lile, kila siku. Baada ya kama wiki mbili muuzaji akanisalimia kabla sijamsalimia. Siku hiyo nikafungua begi la pili, ambalo lilikuwa limekaa na kufuli lake tangu uwanja wa ndege.

Vyeti beba vyenyewe kwenye begi la mkononi, na picha zake ziweke mahali unapoweza kuzifungua hata simu ikipotea. Namba ya dharura ya nchi unayokwenda ikariri kabla ya kutua (112 nchi za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani na Kanada), na anwani yako iandike kwenye karatasi, kwa lugha ya pale, uiweke mfukoni.

Sufuria acha. Beba shuka moja uliyoizoea.